Mwaka Tuliohamisha Faili na Milango Yake

Ahimidiwe Mungu, aionaye mioyo ya watu yote na asiyeyatangaza aliyoyaona ndani yake. Ndiye aliyenilisha tangu ujana, akanikalisha mezani pa watu wema kuliko mimi, akanifikisha uzeeni nikiwa bado naweza kushika kalamu. Namshukuru kwa miaka yangu yote, ila kwa mwaka mmoja namshukuru zaidi, kwa sababu ndani ya mwaka huo niliona imani ikifanya kazi mahali ambapo sikutarajia kuiona: katika chumba chenye harufu ya dizeli na nyaya zilizochanganyikana.

Mwaka huo umenirudia kwa sababu ya msiba. Mwishoni mwa masika tulimzika Mzee Mbonea, aliyekuwa katibu wa hospitali yetu ndogo ya misheni huku milimani. Utelezi ulikuwa mkubwa. Waliotoka Ndungu walipanda bodaboda mpaka barabara ilipowakatalia, kisha wakavua viatu wakapanda kwa miguu. Waliotoka Myamba walifika mapema na kuni mabegani, kama ilivyo desturi. Wasifu wa marehemu ulisomwa: mwaka wa kubatizwa, mwaka wa ndoa, miaka ya utumishi, mzee wa kanisa, baba wa watu. Yote yalikuwa kweli. Lakini nikiwa nimesimama pale kwenye migomba, nilikuwa nikilingoja jambo moja ambalo nilijua halitasomwa, kwa kuwa hakuna aliyeliandika. Ndipo nikamwona mwanamke mwenye mvi nyeupe kabisa akija kwa mwendo wa haraka, mwendo ule ule. Alikuwa Serafina, fundi wetu wa kompyuta. Aliniangalia juu mpaka chini, akasema nimezeeka. Nikamwuliza, na yeye je? Akajibu, “Mimi nimepata mvi tu, Mwinjilisti. Uzee nimewaachia ninyi Wapare, maana hamtupi kitu.” Tukacheka msibani, tukafunika midomo.

Mtu wa tatu alikuwa upande wa jikoni, akipakua wali kwa wageni, mama mwenye mwili na sauti ya kuamrisha mabinti. Katika sura hii nitamwita Nambike. Si jina lake. Jioni ile nilimwomba ruhusa ya kuandika, maana siri ni yake na si yangu. Alifikiri akiwa ameshika upawa, kisha akasema niandike, ila nisitaje ukoo wake wala kijiji chake. Basi ninaandika kwa ruhusa.

Zilikuwa ni siku zile za mwisho mwisho wa miaka ya tisini. Kwa upande mmoja mambo yalikuwa yamefunguka: soko la Same lilikuwa limejaa mitumba, mtu aliweza kununua sabuni bila kupanga foleni, redio zilikuwa nyingi na kila moja ilisema lake. Kwa upande mwingine mambo yalikuwa yamekaza. Mashamba ya mkonge kule chini yalikuwa yakifungwa au yakiuzwa, na watu waliotoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge walibaki kambini bila kazi na bila nauli ya kurudi kwao. Vijana wetu walikuwa wakikimbilia machimbo ya Mererani kutafuta mawe ya thamani. Na hospitalini, ambako zamani mgonjwa alikuja na kuku na shukrani, sasa alitakiwa kuchangia gharama, na marafiki wa ng'ambo waliotusaidia walikuwa wameanza kuandika kwamba msaada utapungua, kwa hiyo watumishi nao wapungue. Neno hilo, kupunguzwa, lilikuwa limekaa mezani petu kama mgeni asiyeaga. Tulikula nalo.

Mimi nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha Biblia, nimepangiwa kuwa msaidizi wa Mama Elihaki. Huyu alikuwa muuguzi wa siku nyingi aliyepewa kazi ya ushauri nasaha wakati ugonjwa ule ulipotuingilia. Leo watu wanautaja kwa jina. Wakati ule tuliinamisha sauti tukasema ugonjwa wa siku hizi, au tulisema tu fulani hajambo sana. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho kwenye varanda: viti viwili vya wageni, meza, kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, na dirisha lililotazama bonde la tangawizi. Kati yetu na ofisi ya katibu kulikuwa na ukuta wa plaiwudi, na plaiwudi ile haikujua kutunza siri hata kidogo. Tulisikia katibu akikohoa, akivuta droo, akiomba kabla ya chai. Kwa hiyo Mama Elihaki alizungumza na wagonjwa kwa kunong'ona, nami nilisubiri nje kwenye benchi. Mgonjwa akishaondoka aliniita, akanieleza polepole, nikachapa. Yeye alijua kufungua na kufunga faili, lakini vidole vyake vilikuwa vimezoea sindano na havikupenda vibonye.

Marafiki wa ng'ambo walikuwa wametuletea kompyuta chache zilizounganishwa kwa nyaya, na zote zilihifadhi kazi zake kwenye mashine moja iliyokaa katika chumba kidogo cha katikati. Vijana wa leo wanaiita seva. Sisi tuliiita kompyuta mama. Mtu wa duka la dawa aliweka faili zake humo, wa maabara zake, wa mishahara zake, nasi zetu. Na mashine ilimjua kila mmoja kwa neno lake la siri. Ukifungua jumba lako, yaani mahali pa faili zako, ulipita. Ukijaribu la jirani, ilikuandikia kwamba huna ruhusa. Jumba letu la ushauri liliruhusu watu watatu tu: daktari, Mama Elihaki, na mimi.

Humo ndimo lilimokuwa jina la Nambike. Alikuwa muuguzi kijana wa wodi ya wazazi, mcheshi, mwenye mikono ambayo wanawake waliiomba kwa jina. Mumewe alirudi kutoka Mererani akiwa amekonda, akafa kabla ya mavuno. Nambike alikuja kwetu akapimwa, na majibu hayakuwa mazuri. Mama Elihaki aliponieleza ili niandike, alisimama akafunga dirisha. Alisema wakwe wa binti huyu wanatafuta sababu. Wakilijua hili watachukua watoto wawili na kile kishamba, na hospitali itakapopunguza watu atakuwa wa kwanza kutoka, kwa kuwa nani atakubali ashike mtoto wake mchanga? Wakati huo dawa za kurefusha maisha tulizisikia redioni tu, kama habari za nchi za wengine. Kazi yake ndiyo iliyokuwa dawa yake. Nilichapa nikiwa nimebana meno.

Basi kompyuta mama ikaanza kuugua. Ilitoa sauti ya kusaga, kama kinu cha mahindi kilichoingia changarawe. Marafiki wakatuma mpya, na pamoja nayo wakamlipia fundi wa mkataba kutoka Dar es Salaam aje ahamishe faili zote. Tulimngoja mwanaume mwenye miwani. Akashuka mwanamke mrefu aliyekaa mbele kwenye lori la dawa, amefunga kitenge juu ya suruali, anaimba.

Serafina alikuwa mtoto wa kambi. Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge huku tambarare, na mama yake alifanya palizi humo humo. Masista walimsomesha, akili ikamsomesha zaidi, akaenda Dar akajifunza kompyuta wakati wengi wetu tulidhani ni aina ya televisheni. Hakuwa mnyenyekevu, na sikuona sababu ya yeye kuwa hivyo. Alijua anachokijua na alikisema. Alikula kwa Mama Elihaki, kwenye jiko lenye moshi na benchi moja refu, na mara nyingi chakula kilikuwa makande, mahindi na maharage ya kuchemsha. Siku ya kwanza mhasibu wetu, mtu mwenye utani mkali, alimwuliza kama kule kambini waliwahi kuona makande, au manamba wa mkonge hula ugali mtupu mpaka kiyama. Serafina alitafuna, akameza, akasema makande ni chakula kizuri sana, kinampa mtu muda wa kufikiri wakati anatafuna, ndiyo maana Mpare huuza ng'ombe akashtaki kesi ya kuku: alikuwa na muda wa kuipanga. Mhasibu alicheka mpaka akapaliwa, na kuanzia siku hiyo alimwita dada.

Alikagua mashine zote mbili kwa utulivu, akatuambia kazi haitaanza mpaka apate betri ya kulinda umeme, kwa sababu jenereta yetu ilikuwa na tabia ya kuzima ikijisikia. Angeshuka Same, na ikikosekana angeendelea mpaka Moshi. Kabla ya kuondoka alimwambia katibu tusiguse kitu. Mzee Mbonea alimwitikia vizuri, lakini naamini alisikia kama baba anavyosikia mtoto akimkataza kubeba mzigo: kwa upendo, bila kusadiki.

Na hapa sharti nieleze msaragambo, kwa ajili ya wasomaji wa kwingine. Kwetu Upareni, kazi ya wote hufanywa na wote. Ikiwa ni mfereji umeziba, au barabara imekatika, au mjane anajengewa, pembe hupulizwa, na kila nyumba hutoa mtu mwenye jembe. Asiyekuja huulizwa. Siku hiyo hakuna mpaka. Njia hupita shambani kwa yeyote, malango huachwa wazi, chungu ni kimoja. Na ikiwa ni nyumba imejengwa, mzee huingia wa kwanza, chumba hadi chumba, akakiombea kila kimoja. Mzee Mbonea alilelewa katika hilo na hospitali ile aliijenga kwa hilo. Kwa hiyo Jumamosi ile kompyuta mama ilipozidi kusaga, na fundi yuko Moshi, na kila mtu ana hofu kwamba miaka ya kazi itafia tumboni mwa mashine, yeye aliwaza lile ambalo Mpare mwema angewaza. Aliita msaragambo.

Tulifurahi jamani. Mahindi na maharage yalibandikwa nyuma ya jengo. Katibu alifungua jumba moja kubwa katika mashine mpya, lililo wazi kwa wote, na kila idara ikaja kwa zamu kubeba cha kwake: mhasibu akanakili mishahara, wa maabara akanakili majibu, huku wengine wakiimba mlangoni na kuwatania waliochelewa. Zamu yetu ilipofika, Mama Elihaki alikataa hata mimi nisishike kipanya. Alisema, “Mzigo huu niliuapia mimi, nitaubeba mimi.” Akajifunga kanga, akaketi, akahamisha faili moja baada ya nyingine kwa kidole kimoja, midomo ikitembea. Alikuwa akimwombea kila aliyekuwa ndani ya kila faili. Sijaona kazi ya kompyuta iliyofanywa kwa uchaji namna ile. Mwishowe tulihesabu, hakuna kilichopotea. Tukala, tukaimba, tukaenda nyumbani.

Jumatatu asubuhi Serafina alirudi na betri yake, nasi tukampokea kwa habari njema. Mhasibu alimwambia dada, tumekupunguzia kazi, faili zimefika zote. Serafina hakuuliza kama zimefika. Aliuliza, “Na ruhusa zake?” Akaketi kwenye mashine ya duka la dawa, akaingia kwa jina la mtu wa dawa, akafungua jumba la ushauri. Likafunguka kama mlango wa kanisa. Mama Elihaki alishika ukingo wa meza.

“Mmehamisha nyumba,” Serafina alisema, “mkaiacha milango kule.”

Alitueleza akiwa tayari anatembea kwenda chumba cha katikati kuchomoa nyaya. Faili, alisema, inapokaa mahali, imefungwa kwa amri ya pale inapokaa. Ukiinakili kama mlivyofanya, maneno yanakwenda, lakini kufuli haliendi. Kule inakofika inavaa amri ya mwenyeji wake. Na mwenyeji wenu Jumamosi alikuwa nani? Jumba lililo wazi kwa wote. Hatukuwa tumepoteza kitu, na kwa hiyo hatukujua kwamba tumepoteza. Kisha akauliza ile kompyuta mama ya zamani iko wapi. Ilikuwa varandani, imefungwa kwa kamba za katani, ikingoja gari la shule ya sekondari tuliyoiahidi. Serafina alipiga magoti hapo hapo sakafuni akaanza kufungua mafundo kwa meno. Humo tu, alisema, ndimo ilimobaki kumbukumbu ya nani anaingia wapi. Gari la shule lilipofika likarudi tupu.

Sasa lilibaki swali lililomfanya Mama Elihaki ashindwe kunywa chai: je, kati ya Jumamosi na Jumatatu kuna aliyeingia? Hatukuhitaji kuichunguza mashine. Mzee Mbonea alimwita Serafina ofisini kwake, akafunga mlango, na sisi tulikuwa upande wa pili wa plaiwudi. Nilisimama ili nitoke. Mama Elihaki akanishika mkono, nikaketi.

Alizungumza chini, kama mtu aliye kwenye kitubio. Alisema Jumamosi, watu walipokuwa wakila, yeye alibaki na mashine mpya. Ilikuwa nyumba mpya, naye ni mzee. Akaingia chumba hadi chumba akiviombea. Dawa, maabara, mishahara. Akafika katika chumba cha ushauri, akafungua faili ili aiombee kama zile nyingine, akasoma jina la binti anayemfahamu tangu ubatizo. Alifunga upesi, lakini jicho halina kifuniko cha kurudisha lilichokiona. Kisha sauti yake ikabadilika kidogo, ikawa ya katibu. Alisema bodi imemwandama. Mwenyekiti anakuja kutoka Same kupitisha majina ya watakaopunguzwa, na amekwisha kusema kwa mdomo kwamba waanze wale ambao afya zao hazitabiriki. Yeye ndiye kiongozi, ataongozaje watu asiowajua? Akamwomba Serafina, akirekebisha milango, huo mmoja amwachie ufunguo.

Nilimsikia Serafina akivuta kiti. Nadhani alikuwa akipima maneno, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara.

“Baba Katibu, mimi nimeitwa kuhamisha,” alisema. “Aliyekuwa anaingia ataingia, aliyekuwa haingii hataingia. Ndiyo kazi yote. Kumwongezea mtu mlango ni kazi nyingine, na wa kuiruhusu si mimi wala si wewe. Ni wale waliokuja kumwambia Mama Elihaki.”

Akamkumbusha kwa sauti ya upole zaidi kwamba alichokiona si chake. Amekiona, basi, na kwa kuwa amekiona, amekuwa kama wao watatu, amefungwa na kiapo kile kile, na hawezi kukitumia zaidi ya wanavyoweza wao. Na mwenye siri lazima aambiwe.

Mzee alikasirika. Alisema mtoto wa manamba asimfundishe utawala katika hospitali aliyobebea mawe kichwani. Angeweza kumfukuza saa ile. Mkataba ulikuwa mikononi mwake, na Serafina alikuwa na mama mgonjwa kambini aliyetegemea fedha zile. Mama Elihaki alikuwa amefumba macho. Upande wa pili Serafina hakuondoka. Tulisikia kiti cha katibu kikilia, kikalia tena, kisha tukasikia droo, kisha sauti ya mzee akianza kuomba. Aliomba kwa Chasu, Kipare chetu, lugha aliyoitumia na Mungu wake peke yake. Alipomaliza alisema tu, “Niitie huyo binti. Na Mama Elihaki awepo.”

Nambike alikuja akikausha mikono, akidhani ni habari ya zamu. Tulikuwa watano katika chumba kile kidogo cha ushauri, mimi nimebanwa dirishani. Akamwamkia mzee shikamoo, na mzee hakuitikia marahaba. Alibaki amesimama mbele yake kama mwanafunzi. Akamweleza yote, kuanzia mashine mpaka jina, bila kujitetea. Desturi yetu haimzoezi mzee kusimama hivyo mbele ya binti, na sijamwona mwingine akifanya. Nambike alisikiliza akitazama bonde. Kwa muda niliogopa atakimbia, au atazirai. Alipogeuka, macho yake yalikuwa makavu.

“Baba, ulipoingia katika kile chumba, uliomba nini?”

Mzee alisema aliombea kila aliyemo apate amani, na asiwepo wa kumnyang'anya.

“Basi hiyo sala ndiyo nitakayokudai,” Nambike alisema, akaaga, akarudi wodini, kulikuwa na mama analia.

Kazi ya Serafina ikaanza hapo kwa kweli. Ingekuwa rahisi, kama faili zingebebwa tu na makufuli yake; alikuwa na amri za kufanya hivyo, alizichapa kwenye kioo cheusi chenye herufi nyeupe, na kompyuta mama ya zamani, ingawa ilisaga, ilitii. Ila makufuli yalipofika hayakumfungukia mtu. Nilishangaa, kwa sababu jina langu lilikuwa lile lile katika mashine zote mbili. Alinieleza tukila makande benchini, na sijapata kusahau. Mashine haimjui mtu kwa jina, alisema. Jina ni la kutupendeza sisi. Yenyewe humpa kila mtu namba siku anapoandikishwa, na humtambua kwa namba hiyo. Mashine nyingine, namba nyingine. Ni kama baba yake. Kambi moja walimwandika namba, akahamia kambi ya pili akiwa na jina lake na mkono wake na jasho lake, nyapara akamwambia hatukujui. “Kwa hiyo nawajulisha upya, mmoja mmoja,” alisema. “Mtu aliyehama asifike kwake akaitwa mgeni.”

Akapita chumba hadi chumba, na katika kila kimoja aliketi na mwenyewe, akamwuliza nani anaingia humu, nani anasoma tu, nani anaandika, huku akilinganisha na yale ambayo mashine ya zamani ilikuwa ikikumbuka. Mtu wa dawa alitaka apewe na mishahara, aone mhasibu analipwa nini. Akaambiwa akamwulize mhasibu. Mhasibu alisema dada huyu ni mkali kuliko padri. Wengine walinung'unika kwamba siku zinapita, kwamba kazi iliyokwisha inafanywa tena. Hakuharakishwa. Kila alipomaliza jumba alilijaribu mara mbili: kwanza kwa mtu mwenye ruhusa, ili aingie; kisha kwa asiye nayo, ili akataliwe. Alisema wengi hulijaribu la kwanza wakasahau la pili, na la pili ndilo linalolinda watu. Mimi nilikuwa nimefundishwa chuoni kwamba upendo hufungua. Kwake nilijifunza kwamba upendo pia hufunga, na kwamba kufunga vizuri ni kazi ya subira.

Mwenyekiti wa bodi alipanda kutoka Same siku ya mvua nyepesi, mtu wa biashara, mwenye koti zuri na haraka. Kikao kilikuwa ofisini kwa katibu, mlango wazi kwa ajili ya mwanga, nami niliitwa kupeleka chai ya tangawizi, kwa hiyo hili niliona kwa macho. Walikuwa wamefika kwenye majina. Mwenyekiti alisema amesikia sasa mambo yote yamo kwenye kompyuta mpya. Basi katibu afungue upande wa vipimo, waone ni akina nani haifai kuwekeza kwao. Nilitazama sakafuni. Nambike alikuwa amepita varandani na beseni dakika ile ile.

Mzee Mbonea hakubisha. Alivaa miwani, akavuta kiti, akaandika jina lake na neno lake la siri, akajaribu kufungua jumba la ushauri. Mashine ikamwandikia kwamba hana ruhusa. Akarudia polepole ili mwenyekiti aone vizuri. Ikamkatalia tena. Nilikuwa nimesimama na birika, na naapa niliuona uso wake ukichangamka, kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe akafurahi kwamba mlinzi hajalala.

“Hospitali gani hii,” mwenyekiti alisema, “katibu hawezi kufungua faili?”

“Ni hospitali ya watu, Mwenyekiti. Wanakuja wakijua hatutaifungua.”

“Lakini wewe unakaa nao. Unajua mwenyewe nani na nani.”

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Alisema, “Ninachokijua nilikijua nikiwa katika sala. Cha sala sikileti kikaoni.”

Mwenyekiti alikuwa mtu wa haraka, lakini alikuwa pia mtu wa kanisa. Akaomba sukari. Majina yalichaguliwa kwa kufuata miaka ya utumishi na idara zilizofungwa, tukapoteza watu wema, na tulilia nao kwa haki. Siku yaliposomwa katika ibada ya asubuhi Nambike alikuwa amekaa benchi la mbele yangu, shingo imenyooka, mkono wa Mama Elihaki mgongoni mwake. Mzee alisoma mpaka mwisho, akakunja karatasi. Jina la binti huyo halikuwamo. Nambike aliinama kidogo, akavaa kofia yake ya uuguzi, akatoka kabla ya wimbo wa mwisho, kwa kuwa wodi ya wazazi haingoji wimbo. Alizalisha watoto wa milima hii mpaka dawa zilipotufikia na sisi, akawalea wanawe wawili, na kishamba anakilima mpaka leo. Hakuna mkwe aliyejua mpaka alipowaambia mwenyewe, kwa wakati wake.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akujalie rafiki wa kumwambia yaliyo mazito, na yeye asiyatoe. Akujalie viongozi wanaofurahi kukataliwa mahali wasipopaswa kuingia. Na siku utakapohama, iwe ni nyumba, au kazi, au dunia hii, ufike huko ukitambuliwa, pasiwe na wa kukuita mgeni. Amina.